Wageni wanalia joto Februari, wanalia unyevu Julai: nifanyeje na nyumba yetu ya Lamu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Mkomani, mji wa kale wa Lamu. Tuna nyumba ya mawe tuliyoirithi kwa babu yetu, ghorofa moja na chumba kimoja juu yake. Mama anakaa chini. Vyumba vya juu tunawakodisha wageni wa likizo, na kodi hiyo ndiyo inayomtunza mama na kumsomesha mdogo wetu wa mwisho. Kwa hivyo nakuandikia nikiwa na wasiwasi wa kweli.

Kaka yangu mkubwa yuko ng'ambo na ndiye anayetoa pesa za ukarabati. Alipokuja likizo aliwaita mafundi, wakafanya mambo matatu. Waliziba kiwanda chetu, ule uwanja wa katikati ya nyumba ulio wazi juu, kwa mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, ili mvua ya masika isiingie ndani. Waliondoa makuti ya chumba cha juu wakaezeka mabati, kwa sababu kaka anaogopa moto. Hapo simlaumu, kila mtu wa Lamu anajua makuti yakishika moto mtaa mzima hauko salama. Halafu kuta za vyumba vya kulala na za msana, ule ukumbi mrefu ulio wazi kuelekea kiwandani, zilizokuwa za chokaa, zikapigwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta ili zing'are kwenye picha.

Picha zimetoka nzuri na wageni wamekuja. Shida ni wakishafika. Februari iliyopita mgeni mmoja na mkewe walishindwa kulala chumba cha juu. Usiku wa manane nikasikia wanakokota godoro ngazini, wakaja kulala msanani. Waliondoka kabla ya siku zao kwisha, wakaandika kwamba nyumba ni nzuri lakini hailaliki. Julai ikaja familia kutoka Nairobi. Walifungua kabati wakakuta mito na blanketi zina madoa ya kuvu, na watoto wakapiga chafya mpaka wakaondoka. Maji ya kuoga asubuhi yaliwashinda kwa baridi. Shawa ya stima tunayo, lakini maji yetu ya kisima yana chumvi, na siku hizi ukishika mfereji wa bafuni huku shawa inafanya kazi, mkono unapata ganzi.

Kiyoyozi tunacho kimoja, chumba cha ghorofani kinachoelekea kiwandani. Wageni hukiweka nyuzi 16, kisha wanakwenda Manda na mashua kutwa nzima huku nyuma kinaunguruma. Tokeni za stima hazikai. Ukuta ulio karibu nacho unatoa jasho na plasta inabambuka. Boksi la nje, linaloning'inia juu ya kichochoro, limeshika kutu, linadondosha maji juu ya wapita njia, na fundi huja kila msimu kuongeza gesi. Kila akija ni pesa.

Sasa kaka anataka kutuma pesa za viyoyozi vitano, kila chumba na chake, vifungwe kabla ya wageni wa Desemba. Mama amekataa katakata. Anasema alipoingia nyumba hii bibi harusi haikuwa na joto hili, na tukitoboa ukuta mwingine yeye anahamia kwa dada yake. Kaka ananiambia nina mawazo ya kizamani, mama ananiambia namfuata kaka. Nani ana haki, Shangazi? Na nifanyeje nyumba ikalike mwaka mzima, kaskazi na kusi?

Mwenye nyumba, Mkomani

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya kaka na kabla ya mama, tuanze na bafu. Ganzi hiyo ni stima inayovuja. Zima swichi ya shawa leo hii, usingoje wageni waondoke, na mtu yeyote asiogee hapo mpaka fundi wa stima mwenye leseni apime waya wa ardhi wa nyumba nzima. Maji ya chumvi hupitisha stima kuliko maji matamu, na huila koili ya kupashia maji. Koili ikipasuka, stima iko ndani ya maji anayojimwagia mtu. Zipo shawa zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi. Unapoagiza Mombasa au Malindi itaje hivyo hivyo, usikubali ile ya kawaida kwa kuwa ni rahisi. Shawa ya aina hii huvuta wati 5,000 na zaidi, kwa hivyo inataka waya wake mnene unaotoka moja kwa moja kwenye boksi la swichi, na kifaa kinachokata stima papo hapo inapovuja. Pesa za kwanza za kaka ziende hapo. Mambo mengine yote nitakayokwambia yanaweza kusubiri mwezi, hilo halisubiri.

Sasa tuje kwenye joto. Mama anasema kweli, nyumba hiyo haikuwa na joto hili. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa na watu waliokuwa hawana hata feni, na kila sehemu ilikuwa na kazi yake. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene, zinachukua muda mrefu kupata moto. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na dari iko juu, joto linapanda na kukaa mbali na kichwa cha mtu. Kiwanda ndicho pumzi ya nyumba yenyewe. Hewa ya moto inatokea juu kwenye uwazi ule, na inapotoka inavuta hewa baridi ya kichochoroni, ile ya kivulini, ipite dakani, pale kwenye kibaraza cha mlango wa kuingilia, na msanani mpaka ndani. Mlipokiziba kwa plastiki mlifanya mambo mawili kwa mpigo. Jua linaingia kwa kuwa plastiki inapitisha mwanga, na joto halina pa kutokea. Mwanga ukishaingia ukagusa sakafu na kuta huwa joto, na joto hilo hulala nanyi.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ya ujenzi ni kuyaondoa mabati yale ya plastiki. Mvua iliingia kiwandani miaka yote hiyo ikatoka kwa mfereji wake wa sakafuni. Mwite mtu auzibue huo, huenda ndio uliomsumbua kaka. Ikiwa bado anataka kinga ya masika, basi paa lipandishwe juu ya ukuta wa kiwanda kwa nguzo, liache uwazi wa mita moja hivi pande zote upepo upite, na liwe la kitu kisichopitisha jua. Lakini kabla ya kupandisha chochote nendeni ofisi ya Makavazi ya Taifa hapo Lamu mkaulize. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na mabadiliko ya nyumba za mawe yana utaratibu wake. Usiwaogope. Wana watu wanaozijua nyumba hizi na waashi wanaojua chokaa, na ushauri wao utawaokoeni pesa.

Chumba cha juu kina shida tofauti. Lamu iko kama nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo katikati ya Machi na mwisho wa Septemba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, na miezi iliyobaki haliendi mbali. Saa sita mchana ukuta haupati jua la maana, paa ndilo linalobeba yote. Mabati matupu yanapata moto na kuumwagia chini kwa aliyelala, na ukuta uliopashwa kutwa unaendelea kutoa joto mpaka usiku wa manane. Ndiyo maana wageni wako walikimbia saa zile na si saa mbili za usiku.

Makuti yalikuwa yanazuia hilo vizuri sana, na najua wengi huko kwenu na Malindi wanaoezeka makuti juu ya mabati ili wapate ubaridi bila kuvuja. Mimi nisingeyarudisha. Mko Mkomani, nyumba zimegusana, na hofu ya kaka ni ya haki. Pakeni mabati rangi nyeupe ya paa, yarudishe jua. Wekeni dari ya mbao chini yake, pawe na nafasi isiyopungua shubiri mbili kati ya dari na mabati, na nafasi hiyo iachwe wazi miisho yote miwili, na wavu wa kuzuia popo na panya. Uwazi huo wa miishoni mafundi wengi hupenda kuuziba ili kazi ionekane nadhifu. Simama hapo mpaka wamalize, kwa sababu dari iliyozibwa pande zote inahifadhi joto juu ya vichwa vya wageni wako.

Ukishafanya haya mawili, pima tena nyumba kabla ya kununua chochote. Naamini nusu ya malalamiko ya Februari itakuwa imeondoka.

Sasa viyoyozi vitano. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ambacho ndicho cha chumba cha kawaida, huvuta takriban kilowati moja kinapofanya kazi kwa nguvu zote. Kwa saa kumi za usiku ni mpaka uniti kumi. Feni ya darini huvuta wati 70 hivi, kwa usiku huo huo haifiki uniti moja. Vitano vikiwaka pamoja ni uniti 50 kwa usiku mmoja, na feni tano hazifiki nne. Mwonyeshe kaka hesabu hiyo pamoja na risiti zako za tokeni. Kweli vile vya inverta hupunguza chumba kikishapoa, lakini hupunguza pale tu ambapo chumba kinaweza kushika ubaridi, na vyumba vyenu vingi haviwezi. Msana hauna mlango. Chumba cha nyuma yake, kile kiitwacho ndani, kimefunguka kwa tao. Ukiweka kiyoyozi hapo utakuwa unapoza Mkomani nzima.

Kuhusu ukuta kutoa jasho, sikiliza vizuri, kwa maana hapo ndipo mnapoharibu nyumba. Hewa ya Lamu imebeba maji. Ikiwa nje ni nyuzi 30 na unyevu ni asilimia 75, basi kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 25 hivi kitalowa hewa hiyo ikikigusa, kama bilauri ya maji ya barafu mezani. Mgeni anaweka nyuzi 16, ukuta unapoa, mlango unafunguliwa, hewa ya kiwandani inaingia, ukuta unalowa. Kesho yake tena. Plasta ya saruji na rangi ya mafuta hazipitishi, maji yanakaa nyuma yake, kuvu inapata makao. Kwa hivyo kiyoyozi kiwekwe 25 au 26, na feni izunguke polepole juu yake. Upepo mdogo wa feni hufanya mwili uhisi nafuu ya nyuzi mbili tatu. Mgeni aliyetoka kwenye jua la Shela ataona 26 na feni ni raha tupu.

Kiyoyozi mlicho nacho msikitupe, kihamisheni. Tafuteni chumba kimoja chenye mlango unaofunga, dari nzima na madirisha yanayobana, hicho ndicho kiwe chumba cha kiyoyozi. Baada ya kuweka dari, chumba cha juu kinafaa. Mkiona haja, viwe viwili, visizidi. Boksi la nje litoke kichochoroni. Mbali na wapita njia kudondokewa, linampulizia jirani hewa ya moto dirishani, na huo si ujirani mwema. Liwekwe juu ya paa upande usiopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja, liwe na kivuli, na kila mwezi lisuuzwe kwa maji matamu kutoa chumvi, stima ikiwa imezimwa. Siku mtakaponunua jipya, ulizeni lenye koili iliyopakwa dawa ya pwani. Maji yanayodondoka yaelekezwe kwenye ndoo. Usiku wa joto yanaweza kujaa, nayo hayana chumvi, asmini za mama zitayapenda. Si ya kunywa.

Na huyo fundi wa gesi, mwache. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika, inazunguka humo humo. Ikipungua kuna tundu, na anayeongeza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ile ile kila msimu. Mwambie fundi mwingine apime uvujaji kwanza, na malipo yafuate kazi hiyo. Vichujio vya ndani vioshe mwenyewe kila wiki mbili wageni wakiwapo, ni kazi ya maji na brashi laini. Harufu mbaya ya kiyoyozi mara nyingi ni utando wa vichujio na sinia ya maji iliyoziba.

Vyumba vilivyobaki vipate feni nzuri, na hapa nataka uangalie vyandarua vyako. Simama chini ya feni yako nje ya chandarua, kisha ingia ndani ulale. Utaona upepo umekatika, hasa kikiwa cha matundu madogo na kinaning'inia kwenye kitanzi kimoja kikimwangukia mtu usoni. Mgeni akisumbuka atakifungua, na mbu wataingia, na malaria tunayo. Tengenezeni fremu ya mbao ya mraba kuzunguka kitanda kizima, juu kabisa, chandarua kishuke kutoka hapo, na feni iwe ndani ya fremu, juu sana ya vichwa. Seremala yeyote wa Lamu anaijua kazi hiyo. Shuka ziwe za pamba, na godoro lisiwe la mpira mtupu. Kwa siku za stima kukatika, feni moja ndogo ya betri kwa kila chumba, inayochajiwa mchana, itakuokolea malalamiko mengi. Kiyoyozi hakitembei na betri ndogo, feni inatembea.

Mwaka wenyewe utakwenda hivi. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, fungua nyumba jioni jua likishuka, iache wazi usiku kucha, na asubuhi kwenye saa nne funga madirisha ya mbao upande unaopigwa na jua. Wageni wengi hufanya kinyume, wanafungua kila kitu mchana na kujifungia usiku. Waonyeshe siku ya kwanza, wewe mwenyewe, kwa mkono. Desemba na Januari jua limeelekea kusini, kwa hivyo ukuta wa kusini ndio unaotaka kivuli. Juni ni wa kaskazini. Ukuta wa magharibi unataka kivuli mwaka mzima, na pazia la mkeka nje ya dirisha linafanya kazi kuliko pazia la kitambaa ndani, kwa kuwa linalizuia jua kabla halijaingia.

Machi kuelekea Aprili, kaskazi ikiisha na kusi haijashika, upepo unakufa. Hizo ndizo siku ngumu, hata wenyeji wanalala barazani. Chumba cha kiyoyozi kina kazi yake hasa siku hizo, na mgeni anayeomba nafasi mwezi huo mwambie ukweli kabla hajalipa.

Kusi ikishika na mvua ya masika kushuka, shida inageuka. Hapo joto si tatizo tena, unyevu ndio tatizo. Hata Julai Lamu haihitaji mashine ya kupasha chumba. Usiku wa Julai kwetu ni kama nyuzi 23, na anayelalamika baridi anataka blanketi jepesi na dirisha la kusini lifungwe nusu. Kuvu ndiyo vita. Kabati zitoke ukutani upana wa kiganja, migongo yake itobolewe matundu, na mito na blanketi zisihifadhiwe humo kipindi kisicho na wageni. Zitolewe juani kila jua linapochomoza. Mei, nyumba nyingi za wageni zinapokuwa tupu, ndipo zinapoharibika, kwa sababu mwenyewe anafunga na kuondoka. Wewe uko hapo hapo, basi panda juu kila asubuhi isiyo na mvua, fungua upande wa upepo na upande wa pili, washa feni polepole, simamisha magodoro. Kiyoyozi kikiwa na kitufe chenye alama ya tone la maji, kitumie saa chache siku za mvua. Kinakausha hewa bila kupoza sana. Udi choma kwa raha ya nyumba, lakini usiutegemee hapa. Unafunika harufu, unyevu unabaki.

Kuta ndizo zitakazokula muda. Jiwe la matumbawe hunyonya maji na chumvi kutoka ardhini na kuyatoa polepole kupitia chokaa. Saruji na rangi ya mafuta zimeufunga mlango huo, kwa hivyo maji yanapanda mpaka yapate pa kutokea. Anzeni na ukuta unaobambuka na mita ya chini ya kuta nyingine. Ondoeni saruji, acheni jiwe lipumue wiki kadhaa, mrudishe plasta ya chokaa na kupaka chokaa juu yake. Fanyeni Septemba mpaka mwanzo wa Oktoba, wageni wa Agosti wakiwa wameondoka na vuli haijaanza. Msiharakishe fundi; plasta ya chokaa ikikaushwa kwa haraka inapasuka. Kuta hazitang'aa kama zile za kwenye picha. Zitakuwa nyeupe tulivu, na wageni wanaokuja Lamu wanakuja kuzitafuta hizo.

Kwa maji ya moto, tangi jeusi la juu ya paa linaweza kukusaidia nusu ya safari. Juni mpaka Agosti liache wazi kwenye jua, wageni waoge alasiri na maji vuguvugu bila stima. Kaskazi lifunike kwa turubai, la sivyo mtu atafungua shawa adhuhuri aungue. Hita ya jua ni nzuri mkiipata, lakini maji yenu ya chumvi yataziba mabomba yake, kwa hivyo iwe ile ambayo maji ya kuoga hayapiti ndani ya mabomba ya juani yenyewe. Kwa asubuhi za mawingu, shawa ile mpya iliyofungwa vizuri inatosha.

Wageni na tokeni: bei ya chumba iwe na feni, na kiyoyozi kilipiwe kando kwa mita ndogo ya chumba hicho. Wenye nyumba wengi wa Malindi na Lamu hufanya hivyo na mgeni haoni vibaya, mradi ameambiwa kabla ya kulipa na si siku ya kuondoka. Atakayelipia uniti zake atakumbuka kuzima akienda Manda.

Nimebakisha kaka na mama. Kaka hakukosea nia, na moto ameuona vizuri kuliko nyinyi wote. Usimwambie mama ameshinda. Mpigie, mwambie pesa za viyoyozi vitano zinatosha shawa salama, dari ya juu, kiwanda, chokaa na feni, kisha muulize yeye aanze na kipi. Mtu anayetuma pesa kutoka mbali anataka kuona kazi, kwa hivyo mtumie picha za kila hatua. Nunua kipimajoto kidogo chenye kipimo cha unyevu, ukitundike chumba cha juu, na umpe namba za saa tisa mchana na za usiku wa manane kabla na baada ya dari. Namba hizo zitazungumza naye vizuri kuliko mimi na wewe.

Mama naye umwambie mapema kwamba huenda kiyoyozi kimoja kikabaki, na kwamba ukuta hautatobolewa upya bila yeye kuonyeshwa pahali. Chumba chake cha chini msikiguse, isipokuwa ile mita ya saruji ikiwa ilifika na huko. Hiyo aondolewe kwanza kuliko wageni, kwa sababu yeye analala humo miezi kumi na miwili.

Shangazi